Niliuita wimbo wake "wa nursery", halafu nikausikia Kenyatta Market

Niaje wakuu.

Wiki nzima nawaona mkibishana hapa: bendi ya rock inafaa kuleta kitu kipya, ama inafaa tu kuandika nyimbo tamu zinazoimbika? Watu wamechukua pande, wengine wametukanana.

Mwaka jana ningekuwa wa kwanza kwa hiyo vita. Leo naleta tu yaliyonipata. Sijayapaka rangi. Majina nimebadilisha, kwa sababu wenyewe wako hai na mmoja wao husoma humu.

Mimi ni mpiga gitaa. Siku za kazi niko kwa ofisi Westlands, mambo ya computer. Jumapili baada ya kanisa bendi yetu ilikuwa inafanya rehearsal Waithaka, kwa store ya mabati ya mjomba wa drummer wetu, Wafula. Tulikuwa wanne: mimi, Wafula, mpiga bass mmoja mpole ambaye hana maneno mengi kwa hii story, na Mwende.

Mwende ndiye alikuwa anaimba. Ni mwalimu wa primary, familia yao ni ya Kitui lakini amekulia Waithaka. Ana ile sauti inakufanya upunguze volume ya gitaa bila kuambiwa.

Mimi sikuwa napunguza.

Kwa bendi mimi ndiye nilikuwa msee wa vitu vipya. Ngoma ya mapigo saba, ngoma ya mapigo kumi na moja, ngoma ya dakika tisa bila chorus hata moja. Siku moja nilirekodi cherehani ya fundi wa nguo jirani nikaiweka kama intro. Mtu akiniambia muziki wetu hauimbiki, nilikuwa naskia raha. Kuimbika niliona ni mambo ya matangazo ya sabuni.

Na niseme tu, zingine zilikuwa kali. Hiyo bado sijaikana.

Basi Jumapili moja Mwende akaja na wimbo wake. Alikuwa amekosa rehearsal mbili mfululizo na mimi nilikuwa nimeshamkasirikia kimoyomoyo. Nilifika nimechelewa kama kawaida, nikaanza kupanga pedals zangu za gitaa. Hatukusalimiana vizuri. Akasema ana kitu anataka tusikie.

Alisimama karibu na mlango, bila mic, akaimba. Chords tatu tu. Chorus yenyewe:

Koti ya baba iko mlangoni,
chai imepoa, baba yuko njiani.

Alipomaliza Wafula alikuwa anaangalia chini.

Nikasema, "Mwende, hii ni wimbo ya nursery. Hakuna kitu mpya hapa. Tukicheza hii tutakuwa kama bendi zingine zote."

Alinitazama kidogo. "Sawa," akasema.

Akachukua mkoba wake akaenda. Kabla jioni haijafika alikuwa ametoka kwa group yetu ya WhatsApp.

Nilijiambia ni kiburi chake. Nikawaambia wenzangu tutaendelea bila mwimbaji, instrumental ndio future. Tulicheza show moja Westlands, Jumamosi mchana, kwa restaurant iko juu ya jengo. Kufikia ngoma ya tatu watu walikuwa wamegeuza viti wakaangalia barabara. Wakuu, wale watu walichagua kutazama jam ya magari! Nilisema hawaelewi.

Sasa sikieni.

Miezi kama minne baadaye, Ijumaa, lunch hour, tulienda na watu wa ofisi Kenyatta Market kula nyama. Wakati nyama iko kwa moto nikaenda kutafuta choo, nikapita kwa vile vichochoro vya salon. Mnazijua, wanawake watatu kwa kichwa kimoja, kila mtu anasuka upande wake, na ukipita unaitwa hata kama huna nywele.

Nikasikia wanaimba.

"Koti ya baba iko mlangoni..."

Nilisimama katikati ya njia. Mtu alinigonga na beseni, sikugeuka. Wanawake kama watano, stalls mbili zinazoangaliana, wanaimba kama ni wimbo wametoka nao utotoni. Mmoja alikuwa ameutafutia sauti ya pili. Hata mteja aliyekuwa anasukwa alikuwa anaimba, shingo imepinda.

Wimbo ambao haukuwahi kurekodiwa. Wimbo ambao nilidhani ni sisi watatu tu tulikuwa tumeusikia, kwa store ya mabati.

Nikamuuliza yule alionekana mkubwa wao, wanamwita Mama Brayo. "Mathe, hii wimbo mmetoa wapi?"

"Ah, hii ni ya mwalimu mmoja tunasuka hapa," akasema, mikono haisimami. "Alikuja kusukwa baada ya kuzika babake. Alikuwa anaimba pole pole, sisi tukamwambia aongeze sauti. Alilia, tukalia, tukashika wimbo. Babake alikuwa soja, mlinzi wa usiku, huko Westlands miaka mingi. Akirudi asubuhi anaweka koti mlangoni, anapata chai."

Mimi niliskia neno moja tu. Kuzika.

"Babake alikufa?"

"Si ndio nakwambia. Na hebu fikiria, aliporudi kusukwa akatuambia kuna kijana wa bendi yao alimwambia hii si muziki, ati ni wimbo ya nursery. Msichana amefunga mdomo mpaka leo. Kanisani pia haimbi. Mtu kama huyo ana roho kweli?"

Ningeweza kuondoka. Hakuna mtu alikuwa ananijua pale. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mathe, huyo kijana ni mimi."

Mikono yote ilisimama. Nywele zikabaki zimeshikwa hewani. Mama Brayo aliniangalia kutoka viatu mpaka usoni, halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Basi usisimame hapa kwangu. Enda kwake."

Nyama sikula.

Niliketi nje kwa ngazi, nikafungua lile group la bendi na kurudi nyuma. Nilikuwa nimeliweka mute, kwa sababu nilikuwa busy kutunga. Nikapata message ya Mwende, ya asubuhi moja Jumatano: "Wapendwa, baba ametuacha leo. Mtuombee."

Chini yake, Wafula: "Pole sana dada." Mpiga bass: "Pole sana Mwende, tuko pamoja."

Chini yake, mimi. Voice note. Niliituma bila kusoma yaliyo juu yake. Nikaifungua. Ni mimi nacheka, nasema Jumapili tujaribu ile ya mapigo kumi na moja, na kila mtu aje kwa time.

Wakuu, nilizima simu kama imenichoma.

Nilimpigia Wafula. "Kwa nini hakuna mtu aliniambia?"

Akasema, "Buda, tulidhani umeona. Tulidhani ndio vile uko."

Hiyo sentensi bado sijaimaliza kuisikia.

Kesho yake, Jumamosi mchana, nilienda kwao Waithaka. Mamake alinifungulia, akanikaribisha ndani bila kuniuliza mimi ni nani. Mwende alikuwa anasahihisha vitabu vya watoto. Nikasema pole. Nikasema kila kitu, hata ya voice note. Hakunisaidia, aliniacha nimalize.

"Mimi hufundisha watoto," akasema mwishowe. "Unajua wimbo ya nursery ni ngumu aje kuandika? Mtoto hawezi kukudanganya ati ameupenda."

Kulikuwa na gitaa lake la zamani kwa kona. Akanipatia. "Unakumbuka chords?"

"Ni tatu."

"Zicheze basi."

Sijawahi kucheza kitu kigumu hivyo. Mwende alianza kwa sauti ndogo, ikakwama, akaanza tena. Mamake alitoka jikoni akasimama na kitambaa mkononi, akaingia kwa chorus. Verse ya pili vidole vyangu vilifanya kitu bila ruhusa, kipigo kimoja cha ziada kabla chorus haijarudi, kama mtu amesita kuingia nyumba.

"Hiyo iache," Mwende akasema.

Nikadhani imemkera, nikaitoa haraka.

"Nimesema iache. Usiitoe."

Hajarudi kwa bendi. Amesema atafikiria, na sijamuuliza tena. Lakini kanisani ameanza kuimba, Wafula ndiye aliniambia.

Somo langu ni hili. Ubunifu bado naupenda, na bendi inayorudia vitu vya wengine milele bado inanichosha. Lakini mimi nilikuwa natafuta sauti mpya ndio nisisikilize watu waliokuwa mbele yangu. Kile kipigo kimoja Waithaka kilikuwa kipya kuliko dakika zangu zote tisa, kwa sababu kilikuwa na wimbo wa kusimamia.

Haya, semeni. Wa vitu vipya na wa nyimbo tamu, wote karibuni, hata wenye kunitusi. Nitasoma kila comment, moja moja.