Nilimnyima Dada Yangu Kibuyu cha Uji

Sijui nicheke au nilie. Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba ukinywa kikombe kimoja na mtu anayewekewa dawa ya saratani, nywele zako zitang'oka mpaka nyusi! Niliambiwa na muuza nyama hapa Timau akinikatia mbavu. Aliapa kwamba kijiji kizima kule Embu kilibaki vipara, hata mbuzi. Nami nikameza. Mimi! Mtu aliyemaliza kidato cha nne darasa la jioni akiwa na ndevu, cheti chake kimetundikwa sebuleni, kikubwa kuliko dirisha!

Kosa ni langu, si la muuza nyama.

Dada yangu mkubwa ana saratani ya utumbo mpana. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshafika kwenye ini. Daktari hakutuficha: dawa ni ya kuipunguza kasi, si ya kuimaliza. Basi kila baada ya wiki mbili anateremka Meru mjini, anawekewa dripu, anarudi amechoka kama aliyelima Mlima Kenya mzima kwa jembe. Na bado anatania!

Binti yangu wa tatu ana jina la dada huyu, kama desturi yetu inavyotaka. Mwaka huu wakwe wakaja kwa mambo ya mahari. Kwetu, siku hiyo shangazi mwenye jina ndiye huonja uji kwenye kibuyu, kisha humnywesha msichana. Dada aliingoja siku hiyo kuliko mimi nilivyongoja cheti. Hata aliomba hospitali imsogezee dripu ili awe na nguvu.

Mimi nikawatazama wale wakwe, vichwa vimejaa nywele, nikaona aibu inakuja mbio. Kibuyu nikampa jirani. Dada nikamweka pembeni, kiti chake peke yake, na kikombe cha plastiki nilichokitia alama kwa rangi ya kucha. Ndani, soda ya friji.

Ole wangu! Dawa ile hufanya kitu chochote cha baridi kimchome vidole na koo kama sindano. Kwa baridi hii yetu, hata kufuli hulishika kwa glavu. Alihitaji uji wa moto, nami nikampa barafu!

Alikigeuza kile kikombe, akaniita.

"Mtoto wa mama, hii alama ni ya nini?"

"Ni usafi tu, dada."

"Usafi? Nilikufuta kamasi na leso yangu, leo mimi ndio uchafu?"

Hakupiga kelele. Alijifunga shuka, akaenda zake.

Jirani alipompelekea binti yangu kibuyu, msichana alifunga mdomo. "Tata wangu yuko wapi?" Tata ni shangazi. Akakisukuma kibuyu kando. "Basi sina kiu." Wakwe wakaondoka na mambo yao, uji ukapoa. Mpaka leo msichana anasema bila shangazi yake hakuna sherehe, na baba atajua mwenyewe.

Dada naye akaanza kwenda hospitali peke yake. Peke yake, na ugonjwa ule! Usingizi ulinihama kabisa. Mara ya juzi nikamfuata, nikaketi mbali na kiti chake kama mwizi wa kuku.

Wewe unayesoma, kama una mgonjwa nyumbani, usiende kusomea udaktari buchani! Uliza wanaojua, na ulize mapema. Siku za dada yangu si za kuchezea, nami nilichezea ile aliyoitaka zaidi.

Niliuliza nikiwa nimechelewa. Nilisogea, nikamnong'oneza muuguzi habari ya kikombe, uji na nywele. Dada akasikia, akasema bila kunitazama, "Mwambie kwa sauti, sista. Huyu ana cheti, hasikii ukinong'ona."

Muuguzi hakucheka. "Mzee, saratani haiambukizi, na kikombe chake hakimng'oi mtu nywele. Siku mbili baada ya dripu, vaa glavu ukisafisha matapishi au choo chake, kisha unawe. Lakini kula naye, kunywa naye. Na huo uji uwe wa moto."