Sheria ya Kukalia Mikono

Mama Nyundo, fundi wa makochi, alizaa pacha wa kiume waliotwangana tangu wakitambaa. Walipokua wakagombea nani anajua zaidi: mto upi mrefu, mnyama gani hulala wima. Siku Mkubwa alipomng'oa Mdogo jino kwa mguu wa kiti, mama alichukua ubao, akachora njia ya kuzunguka, akakata kete za ngozi. Akawaamuru waandike maswali kwenye vipande vya boksi, majibu nyuma.

"Na anayecheza akalie mikono yake mpaka jibu lisomwe."

Walicheka, lakini walikalia. Pua zao zikapona.

Majirani wakauiga mchezo. Ukaingia gereji, ukaingia kwa kinyozi, kila kijiwe kikawa na ubao wake. Mkubwa akaanza kuutengeneza wa kuuza, na ile sheria akaifuta.

"Mama, watu wazima hawakalii mikono."

"Hao watu wazima ndio ninaowaogopa."

Haukupita muda, gereji mtu akapasuliwa kichwa kwa spana kwa ajili ya swali la mwezi na jua. Mkubwa akasema hiyo ni bahati mbaya.

Kisha pacha wenyewe wakakutana kwa kinyozi, ng'ambo ya karakana ya mama yao. Kinyozi akasoma kadi: "Pweza ana mioyo mingapi?"

"Mitatu," akajibu Mdogo.

"Mitatu anayo mamako!" Mkubwa akabwata.

"Mama yetu si mmoja, bwege wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile kilimchoma Mkubwa. Akanyakua wembe mezani, akamchana ndugu yake shavu kutoka sikio hadi mdomo, akambana kooni kwenye kioo mpaka kioo kikapasuka. Damu ikaruka hadi kwenye taulo.

Mama Nyundo aliingia na nyundo yake mkononi.

"Weka chini!"

Wembe ukasogea kooni. Akamshushia nyundo ya kifundo cha mkono, mfupa ukalia kama mbao kavu. Wembe ukaanguka. Akampiga tena, kiwiko.

Watu walisema pigo la pili lilizidi. Waseme. Mwana mmoja alikuwa anakufa, na sasa hafi.

Leo sheria ile ndiyo ya kwanza kwenye kila boksi la mchezo, kwa herufi kubwa. Mkubwa huiandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Wakicheza, Mdogo huvuta mdomo wake uliopinda, akasema, "Kalia."

Mkubwa hukalia wa kushoto. Wa kulia hauhitaji, unaning'inia tu.