Poda ya Ujanani

Mpambaji alikuwa amesimama tangu asubuhi, miguu inawaka moto, na mteja wa mwisho alikuwa mama mtu mzima anayekwenda kupiga picha na wajukuu. Alimpaka kama alivyowapaka wasichana wote siku hiyo, poda nzito juu ya poda. Mama akatabasamu kidogo tu, uso mzima ukapasuka kama ukuta uliopigwa chokaa ovyo.

"Mwanangu, umenipamba au umenizika?"

Mpambaji akaguna, akafuta yote. Safari hii alianza na mafuta, akasambaza krimu kidogo kwa ncha za vidole, rangi ya mashavu akaipandisha karibu na macho, poda akaigusisha puani basi. Mikunjo ilibaki palepale, lakini uso ulipata uhai.

"Haya, huyu namjua," mama akasema, akijitazama kwenye kioo. Kisha akamtazama mpambaji kwenye kioo hichohicho: naye alikuwa amejipaka poda ileile nzito ya ujanani, imejazana kwenye kila mkunjo wa uso wake. Akainuka, akampisha kiti.

"Kaa wewe sasa. Na wewe si msichana tena, mwanangu."

 Mpambaji akakaa, akafumba macho, akamwachia mama uso wake.