Kuraa Iko

Tangu aunganishe pangaboi la upepo na vioo vya jua ili viwashe taa za mtaa mmoja wa Kasuku, fundi wa kuraa, yaani umeme, hakuwa na jibu jingine kwa waliolalamika. Wingu likipita, taa zilisinzia. Upepo ukija, zilitoa macho mpaka zikapasuka. Naye kila mara alijifuta vidole kwa kitambaa kilekile kichafu, akatazama juu, akasema kwa upole wa kuudhi: "Kuraa iko, mama."

"Iko namna gani? Inacheza kama mulevi!" alifoka Mama Mwanvua, muuza maji baridi.

Friji yake ilipoungua, alimfuata fundi mpaka nyumbani kwake. Akamkuta anapuliza pasi ya makaa, abakosi, suti yake ya gwaride la chama, imetandikwa mezani.

"Na kuraa?"

"Kuraa iko, mama," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini abakosi iko moja tu."