Jerikeni ya Kitambaa cha Kijani

Saado wa Galbet, muuza maziwa ya ngamia, hakuwa na hofu na mtu. Dereva akichelewesha maziwa yake, alimpa maneno yake palepale barabarani. Lakini Kiingereza, jamani, kilimtoa jasho. Na alikihitaji kweli, maana ukame ulimwachia ngamia wachache wasiotosha kulisha watoto, na shule ya wasichana kule Waberi ilikuwa ikitafuta matroni. Bila cheti cha Kiingereza cha ngumbaru, usijisumbue kubisha hodi.

Kilichomshinda ni kusema kitu ni cha nani. "Mine" ni changu, sawa. Lakini cha mwanamke ni "hers" na cha mwanamume ni "his". Hawa Wazungu wanatafuta nini, kutenganisha mke na mume hadi kwenye birika? Mwalimu Roda, aliyewafundisha watu wazima hao, alikaribia kukata tamaa, mpaka alipowaambia wanafunzi wake walete jerikeni zao darasani. Maziwa ya malishoni huja kwa gari moja, jerikeni zote zimefanana, basi kila mwenye maziwa hufunga kitambaa chake shingoni. Chekundu cha Saado: "mine". Kijani cha jirani yake Lul: "hers". Hapo likamwingia kichwani, likakaa.

Siku ya mtihani wa kuzungumza, Saado aliingia na jerikeni mkononi, kwani maziwa hayaachwi juani. Mtahini, mgeni wa kutoka Nairobi, akainyooshea kidole na kumuuliza kwa Kiingereza ni ya nani.

"Hers," akajibu Saado.

Mtahini akashika kalamu. "Mama, si umeingia nayo wewe?"

Saado akaona umatroni unamponyoka. Aibu ikampanda, akatamani aseme "mine" yaishe. Lakini angeyaitaje yake maziwa ya mwenzake aliye hospitalini?

"Mwalimu, tazama kitambaa," akamwambia mtahini. "Kijani ni cha Lul. Amejifungua jana. Mimi namfikishia mteja wake tu."

Roda, aliyekaa nyuma, akaeleza mambo ya vitambaa. Mtahini akaiweka kalamu chini, akacheka, akamuuliza Saado yake basi iko wapi.

"Mine, finish," akasema Saado. "Imekwisha asubuhi. Watu wamekunywa."

Akaambiwa amepita. Nje, alikaa kwenye kivuli cha ukuta, akacheka peke yake huku machozi yakimtoka, alhamdulillahi juu ya alhamdulillahi. Kisha akainua jerikeni. Mteja wa Lul alikuwa bado anasubiri.