Mate ya Baraka kwa Bahati

Nilipokuwa mtoto tuliishi Sanyuanli, hapa Guangzhou, China, ghorofa ya sita, na mchana mlango wetu haukufungwa. Mama yangu, Mmasai wa Longido aliyekuja kununua vitambaa soko la Zhongda akabaki, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Watanzania wa hapa. Aliyeugua, aliyefiwa, aliyeishiwa na viza, wote walikuja kwetu. Nilikuwa na miaka minane, na niliwachukia wote.

Niliyemwonea wivu zaidi ni Bahati, kichanga cha miezi mitano. Mama yake, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mbeya, alilazwa hospitali, mama yangu akamchukua mtoto. Akawa anambeba mgongoni, anakwenda naye mikutanoni. Mimi nakaa kona, namkodolea macho, mpaka bibi yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, akanionya.

"Usimtazame hivyo. Jicho la husuda humchoma mtoto."

Nikaendelea kumtazama. Makusudi.

Kesho yake mchana Bahati akashikwa na homa. Chupa aliikataa, akalia hadi sauti ikamkauka. Nikajificha nyuma ya marobota ya vitambaa, nikijua nimeua mtu. Mama aliponikuta nilimweleza yote.

Hakunipiga. Alichuchumaa, Bahati kifuani, akaniuliza, "Unataka afe?"

"Hapana, yeyo." Ndivyo nilivyomwita mama, kwa Kimasai. "Nataka umshushe."

Aliniangalia kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau jikoni. Kisha akamsogeza mtoto karibu. "Mtemee mate ya baraka, kama wanavyofanya wazee kwetu."

Nikamtemea kidogo kwenye paji la uso, huku nalia. Bibi akaitikia baraka kwa Kimasai. Hapo mama akateremka ngazi mbio kutafuta teksi ya kwenda hospitali, mkono mmoja umemshika Bahati, wa pili umenishika mimi.

Siku ya tatu homa ikashuka. Daktari alisema ni sikio. Bibi alisema ni mate.

Mama aliongoza zaidi ya miaka ishirini. Mwezi uliopita aling'atuka, na ukumbi mzima ukasimama. Wanawake walilia, kila mmoja akisimulia alivyookolewa. Nami ni mtu mzima, nina watoto, siamini tena kwamba macho yangu yalimuunguza yule mtoto. Hata hivyo, nikiwasikiliza, wivu ule ule ulinirudia. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, nikijivunia mama yangu, na bado nikitamani angekuwa wangu peke yangu.