Bibi Anataka Kuitikiwa

Filamu yangu ya kwanza ilinusurika kufia uani kwa bibi yangu mzaa mama, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Niliitoa kwenye hadithi yake, ya mwanamke aliyejitwika kapu lenye jua kuwapelekea wakwe zake. Waigizaji nilikuwa nao, lakini msimulizi nilimtaka yeye mwenyewe, kijijini kwake Mpapura, kwenye mkeka wake mbele ya jiko.

Sasa, bibi hasimulii hivi hivi. Huita, "Nina mzigo!" nanyi mnaitikia, "Tua!" Msipoitikia, hasemi neno. Fundi wetu wa sauti hakuyajua hayo. Aliamuru kimya, mashangazi na majirani wakaziba midomo kwa kanga.

"Nina mzigo!"

Kimya. Tukaanza upya, kimya tena. Bibi akainuka, akaenda zake kumenya mihogo.

"Bibi, jamani, wewe endelea tu."

"Nimtulie nani mzigo, mume wangu? Ukuta?" Ndivyo anavyoniita, utani wa bibi na mjukuu.

Kamera ilikuwa ya kuazima na mwenyewe aliisubiri. Nilitaka kulia. Nikamwambia fundi liwalo na liwe, watu waitikie. Ua mzima ukalipuka "Tua!", jogoo naye humo humo, na hadithi ikatiririka mpaka mwisho. Fundi alinuna, lakini ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote.

Filamu tuliionyesha mjini, Shangani, uani kwa rafiki yangu, kwenye shuka jeupe. Walikuja walimu na watu wa bandarini, wengi wao wenyeji wa mikoa mingine, wakakaa kwa adabu kama wako kanisani. Mimi nilimtaka mtu mmoja tu aipende, na huyo alikaa mstari wa mbele, kajitanda kanga mpya.

Bibi wa kwenye shuka akaita. Wa Mpapura wakaitikia. Bibi wangu akageuka kuwatazama watu, kisha akanitazama mimi.

"Hawa mbona wamenyamaza?"

"Wameshaitikia wale wa kwenye filamu, bibi."

"Wale waliitikia siku ile. Hawa wamefuata nini hapa? Simamisha."

Nilisimamisha. Kubishana na bibi yangu ni kumpigia mbuzi gitaa. Akasimama mbele ya sura yake mwenyewe, kubwa, imeganda mdomo wazi, akaanza kuwafundisha. Mara ya kwanza walijibu kinyonge, akawazomea. Mwalimu mmoja wa kike akacheka, akapaza sauti, na wale wa bandarini waliozoea kuitana katikati ya malori wakamfuata.

"Nina mzigo!"

"Tuaaa!"

Nilifurahi, nikaweka kidole tayari kwenye mashine ya kuonyeshea. Bibi akarudi kukaa, akatengeneza kanga yake vizuri.

"Haya, mume wangu," alisema, "mwachie yule mwanamke atue kapu. Shingo inamuuma."